Urari wa malipo ya nje: mizani hutimia hata kama dukani hakuna sabuni

Neno "urari" wengi wetu tulikutana nalo kwanza kwenye kipindi cha ushairi: urari wa vina na mizani. Mshororo una mizani nane kwenye ukwapi na nane kwenye utao. Mshairi akipungukiwa hurefusha neno, akizidiwa hulifupisha, na mwisho wa yote mizani inatimia. Anayesoma harakaharaka hajui kama imetimia kwa ufundi au kwa kubananisha maneno mpaka yakakosa pumzi.

Urari wa malipo ya nje nao una tabia hiyohiyo. Ni hesabu ya malipo yote yanayofanyika, kwa mwezi, kwa robo au kwa mwaka mzima, kati ya wakazi wa nchi moja na wakazi wa nchi nyingine zote. Nimesema wakazi, sikusema raia. Mtu wa Pemba aliyehamia Muscat miaka kumi iliyopita ni mtu wa nje katika hesabu hii, na pesa anazomtumia mama yake zinaandikwa kuwa zimetoka nje. Mgeni aliyefungua kiwanda Kibaha na kuishi hapo miaka mitano ni mkazi, kwa hiyo nyama anayonunua buchani haituhusu.

Kila muamala huandikwa mara mbili. Mfanyabiashara wa Mtwara akiuza korosho India, upande mmoja inaandikwa kwamba korosho zimetoka, upande wa pili kwamba dola zimeingia. Ndiyo maana pande mbili za hesabu lazima zilingane. Gazeti linaposema "urari una nakisi", yaani upungufu, halizungumzii hesabu nzima. Linazungumzia sehemu yake ya juu.

Sehemu hiyo ya juu huanza na bidhaa. Tanzania inatoa dhahabu, korosho, tumbaku na kahawa; inaingiza mafuta ya petroli, mitambo, magari, mbolea, ngano, mafuta ya kula na dawa za hospitali. Hapa karibu kila mwaka tunatoka tukiwa chini. Kinachofuata ni huduma, na hapa mambo hugeuka. Mtalii akilala Serengeti, usiku wake ule ni mauzo ya nje ingawa hakuna kontena lililopakiwa melini, na mwaka 2024 walioingia nchini walipita milioni 2. Bandari ya Dar es Salaam nayo inauza huduma kwa Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi. Dereva wa lori la kampuni ya Kitanzania aliyekwama Tunduma akisubiri kuvuka ni muuza huduma nje, japo sidhani kama yeye mwenyewe anajiona hivyo.

Halafu kuna mapato: faida ambayo kampuni za kigeni zinapeleka kwao na riba ya madeni. Kwa nchi zetu mstari huu kwa kawaida ni hasi. Mwisho ni uhamisho, yaani pesa zinazokuja bila kitu kutolewa, kama misaada na fedha za ndugu walio ughaibuni. Kwetu Tanzania mstari huo ni mdogo. Kwa jirani zetu ni mkubwa: mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, kupita kilichoingizwa na chai, maua au utalii.

Ukijumlisha hayo yote unapata urari wa malipo ya kawaida. Chini yake kuna mitaji na mikopo: mwekezaji anayejenga kiwanda, benki ya nje inayoikopesha serikali. Na chini kabisa kuna akiba ya fedha za kigeni ya benki kuu, imepanda au imeshuka.

Upo mstari mmoja zaidi, wa makosa na yaliyosahaulika. Humo huingia kila ambacho wahasibu hawakukiona. Katikati ya miaka ya 1970 kahawa ya Uganda ilivuka kwa magendo kupitia Chepkube, kwenye mpaka wa Kenya, kwa wingi wa kutajirisha watu. Mkulima wa Bugisu alijua imekwenda wapi. Vitabu vya Kampala havikujua.

Sasa, nakisi yenyewe si ugonjwa. Nchi inayojenga reli na mitambo ya umeme lazima inunue vyuma na mashine kutoka nje kabla reli haijabeba hata gunia moja, kwa hiyo itatumia dola nyingi kuliko inazopata. Swali la maana ni hili: pengo limezibwa na nini? Njia ni tatu. Unatumia akiba. Unapata pesa za wengine, kwa mkopo au uwekezaji. Au unajinyima, unaacha kununua. Njia mbili za kwanza zinaonekana kwenye jedwali. Ya tatu haionekani, kwa sababu kitu ambacho hakikununuliwa hakina pa kuandikwa.

Hii ya tatu wazee wetu wanaikumbuka, ingawa hawakuiita urari. Ni ile miaka ya mwanzo ya 1980: foleni kwenye duka la kaya, mche wa sabuni wa kugawana, dawa ya meno ya kuulizia kwa minong'ono, na gari binafsi kutoruhusiwa barabarani Jumapili alasiri ili kuokoa petroli. Miaka ile mizani ya malipo ya nje ilitimia kama kawaida. Ilitimizwa na foleni.

Ilianza, ajabu, kwa neema. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, Brazil, na katika miaka miwili bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kupita dola 3 kwa ratili. Kilimanjaro na Kagera hawakuwa wamefanya lolote la ziada, lakini dola zikamiminika na akiba ya Benki Kuu ikanona. Wataalamu wa mashirika ya fedha ya Washington wakashauri milango ya uagizaji ilegezwe. Ikalegezwa. Bidhaa zikaingia, kahawa ikashuka bei kama ilivyo desturi yake, na kufikia mwisho wa 1978 akiba ilikuwa imeyeyuka.

Yaliyofuata yalikuja kama mvua ya mawe juu ya paa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na kila nchi ikalazimika kuwa na ndege zake, reli yake na simu zake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita iliyoendelea hadi 1979 ilikula mafuta, malori na silaha, vyote vya kununua kwa fedha za kigeni. Mwaka huohuo wa 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, bei ya mafuta duniani ikapaa tena, wakati tulikuwa hatujapona ile ya 1973.

Chini ya matukio hayo kulikuwa na tatizo la polepole zaidi. Mwalimu Nyerere alizoea kulieleza kwa trekta. Mwaka 1965, alisema, trekta moja lilinunuliwa kwa tani 17 na robo za mkonge; mwaka 1972 trekta lilelile lilitaka tani 42. Mkulima wa mkonge hakuwa amezembea. Kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni na kuubana mkonge, huku mashine za nchi zilizoendelea zikipanda bei mwaka hadi mwaka. Nchi inayoishi kwa kuuza mazao ghafi mawili au matatu inaweza kulima zaidi na kupata kidogo, na hapo hata mhasibu hodari hana la kufanya.

Mwaka 1979 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa tayari kukopesha, kwa masharti, la kwanza likiwa kushusha thamani ya shilingi. Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu na wakati huo waziri wa fedha, aliona hakuna njia nyingine. Nyerere akakataa na Mtei akajiuzulu. Katika salamu za mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi, Nyerere aliuliza ni lini shirika hilo liligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima.

Swali lilikuwa zuri, ila halikuleta dola. Fedha za kigeni zikawa za kugawiwa kwa kibali. Kiwanda cha sabuni kilikosa malighafi, cha nguo kikakosa vipuri, vingi vikafanya kazi chini ya nusu ya uwezo. Na hapa kuna sehemu ambayo husahaulika tunapowalaumu walanguzi peke yao. Mkulima wa kahawa alilipwa shilingi kwa kiwango cha serikali, shilingi ambazo dukani hazikuwa na cha kununua. Kwa nini apalilie? Wengine waliacha mibuni ikaota magugu, wengine wakavusha kahawa Kenya usiku. Dola zikapungua zaidi, bidhaa zikapungua zaidi, na mkulima akapata sababu zaidi ya kuacha. Shilingi iliyoshikiliwa juu ilikuwa kodi juu ya kila aliyeiletea nchi fedha za kigeni, na ruzuku kwa kila aliyebahatika kupata kibali.

Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya uhujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Bidhaa zilizofichwa zilikamatwa, lakini bidhaa iliyofichwa si sawa na bidhaa iliyoagizwa, na foleni hazikuisha. Kilichozifupisha ni bajeti ya 1984, iliyoruhusu mwenye dola zake aagize vitu bila kuulizwa alizitoa wapi. Mitumba, redio na pikapu zikaanza kuonekana mitaani. Yaani ule mstari wa makosa na yaliyosahaulika ulifunguliwa mlango wa mbele na kukaribishwa ndani. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, mkataba na Shirika la Fedha ukatiwa saini. Dola iliyouzwa shilingi 17 hivi mwanzoni mwa mwaka ule iliufunga mwaka ikiwa imepita 50.

Wapo wanaoamini kwamba kushusha thamani ya fedha kunatosha kuponya urari. Bei nzuri humtia mkulima moyo, kweli, lakini mbuni uliopandwa leo unachukua miaka mitatu au minne kuzaa. Mafuta ya petroli hupanda bei kesho yake asubuhi.

Njia ya pili, ya mikopo, ina hatari ya namna nyingine: tarehe. Mwaka 2014 Kenya iliuza hatifungani, yaani hati za deni, za dola bilioni 2 za kulipwa Juni 2024. Siku zilipokaribia na soko likawa halijui zitalipwa na nini, shilingi ya Kenya iliporomoka hadi dola kupita 160 mwezi Januari 2024. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine, kwa riba ya karibu asilimia 10, ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani, na shilingi ikapanda thamani kwa kasi hadi karibu 130 kwa dola. Katika miezi hiyo kahawa, chai na watalii havikubadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni kama pengo lingezibwa au la.

Kwetu, mwaka 2023 na sehemu kubwa ya 2024 dola ziliadimika. Vita ya Ukraine ilikuwa imepandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea, na riba za Marekani zilizopanda zikavutia fedha kurudi huko. Waagizaji walisubiri zamu benki kama watu wa duka la kaya, ila safari hii wamevaa suti. Tofauti ni kwamba shilingi iliachwa ishuke, ikafika 2,700 hivi kwa dola, kabla ya kuimarika hadi dola ikawa chini ya 2,500 mwishoni mwa 2024, utalii, dhahabu na mazao vilipofanya vizuri kwa pamoja.

Kuna majira pia. Dola zetu hufuata mavuno na watalii: nusu ya pili ya mwaka huwa na neema, na kuanzia Januari hadi Juni hali hubana. Habari ya "shilingi yaporomoka" ya mwezi Machi huenda ikawa ni kalenda tu.

Sheria ya Benki Kuu inataka akiba isipungue kiasi cha kulipia uagizaji wa miezi 4, na takwimu hiyo hutolewa kila mwezi kwenye taarifa ya benki hiyo. Mwishoni mwa 2024 akiba ilikuwa zaidi ya dola bilioni 5, na miezi ilitosha. Tangu Oktoba mwaka huo wachimbaji na wafanyabiashara wakubwa wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao na kuiuzia Benki Kuu hapahapa nchini, kwa shilingi. Dhahabu hiyo huingia moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho wa jedwali, ule wa akiba, uliokuwa karibu mtupu mwaka 1978.