Jino likitoboka usingoje mpaka ukeshe

Watu wengi wanaokuja kwenye kitengo chetu cha meno hapa Uganda wanaingia na ombi moja tu, "daktari, ng'oa hili." Hata hawaulizi kama linazibika, maana wameshakaa nalo miezi, wametafuna upande mmoja, wamebana karafuu, wamemeza dawa za maumivu mpaka zimeshindwa, na sasa hawalali. Na mara nyingi kweli wamechelewa, tunang'oa. Ndo maana leo tuongee kuhusu kuziba jino, yaani likiwa bado linazibika.

Kwanza hakuna mdudu anayetambaa ndani ya jino, najua huko kijijini kuna watu wanawaonyesha mpaka na "mdudu" mwenyewe, ni mchezo huo. Kuna bakteria. Ukila sukari nao wanaila, wanatoa asidi, na asidi inayeyusha lile ganda la nje polepole. Ganda hilo ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, gumu kuliko mfupa, lakini halina neva, kwa hiyo linatoboka na wewe husikii kitu. Tundu likivuka ganda likaingia tabaka la pili ndo unaanza kushtuka ukinywa soda baridi au chai ya moto, inachoma kidogo halafu inapita. Hapo ndo wakati wa kuja! Ni wakati huohuo watu wanasema aah, si imepita, tutaenda mwezi ujao.

Ikifika moyo wa jino, kwenye neva na mishipa ya damu, jino linaanza kudunda lenyewe usiku hata hujala kitu, na hapo kuziba peke yake hakutoshi, unahitaji kusafishwa mizizi ambako kuna gharama zaidi na pengine kurudi mara kadhaa, au ung'olewe. Halafu kuna ile hali inayodanganya wengi: maumivu yanakata ghafla. Mtu anamshukuru Mungu kwamba amepona, kumbe neva imekufa na uozo unaendelea kushuka chini, siku nyingine anaamka shavu limevimba usaha.

Kuziba kwenyewe si kitu cha kuogopa hivyo. Tundu likiwa kubwa unachomwa ganzi, dogo sana pengine hata sindano hakuna, tunatoa sehemu iliyooza, tunakausha, tunajaza. Ile mashine inalia vibaya, hilo nakubali. Ila kuna mbinu ambayo haina mashine wala umeme, tunakwangua kwa vyuma vya mkono halafu tunajaza simenti inayoitwa glasi ionoma, na mbinu hii ilianzia hapo jirani tu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, inafaa sana kwa watoto na huko ambako umeme ni wa kubahatisha. Simenti hiyo inatoa floraidi, madini yanayoimarisha ganda la jino, kidogo kidogo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu.

Zile dawa za kuzibia nyeupe zinazofanana na jino ni kompositi, tunaigandisha kwa taa ya bluu ikiwa mdomoni. Ile ya rangi ya fedha ni amalgamu, karibu nusu yake ni zebaki, na dunia inaiacha polepole chini ya mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kupunguza zebaki, hasa kwa watoto na wajawazito. Kama unayo ya zamani na ni nzima usikimbilie kuitoa, kuichimba ndo kunatoa mvuke wa zebaki zaidi.

Wazazi, hapa tusikilizane. Mtoto akifika kama miaka sita kuna gego linaota nyuma kabisa, halisukumi jino lolote, kwa hiyo nyumbani mnadhani ni la utoto na litang'oka. Haling'oki hilo, ni la kudumu! Ndo tunaloliona limeoza kuliko mengine, na mama anashangaa tukimwambia hakuna lingine litakaloota.

Na soda jamani. Anayenywa chupa moja kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka saa nane, kama vijana wengi wa stejini kwenye boda, anaumiza meno kuliko anayeimaliza mara moja na chakula, maana kila funda asidi inaanza upya. Miwa ya kutafuna siku nzima ni hivyohivyo.

Ukienda kliniki ya mtaani uliza leseni kwanza, madaktari wa meno wanasajiliwa na Uganda Medical and Dental Practitioners Council.

Ukishazibwa subiri ganzi iishe ndo ule, masaa mawili matatu hivi, mtoto mwangalie asijing'ate mdomo. Baridi ikichoma siku chache ni kawaida. Lakini ukifunga mdomo ukahisi jino hilo linagusa kabla ya mengine usivumilie, rudi, tunalipunguza kwa dakika chache tu na hata ganzi kwa kawaida haihitajiki.