Je, wajua? Ndani ya neno "encourage" mna moyo

Jioni moja barazani kwetu Langoni, Lamu, mtoto wa jirani alinijia na daftari lake la Kiingereza. Mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi moja ya insha yake ya mashindano ya mashua: "My uncle put me heart." Alitaka kusema mjomba alimtia moyo, siku ya kwanza aliyopewa kushika demani, ile kamba ya kuongoza tanga, na upepo ukawa mkali.

Kiingereza hakisemi hivyo. Lakini kosa lile lilinifurahisha sana, kwani mtoto alikuwa ameligusa hasa lile neno alilolikosa, "encourage", bila kujua.

Lipasue neno hilo utaukuta moyo. Kilatini huita moyo "cor". Wafaransa wa zamani wakalitoa humo "corage", lililokuwa na maana ya moyo pamoja na yale yanayokaa moyoni: nia, hamu, ushujaa. Wakaliongeza "en" mbele, kiambishi cha kuingiza kitu ndani, likawa "encoragier". Uingereza ilikuwa imetawaliwa na Wanormani tangu 1066, na maneno ya Kifaransa yakawa yanamiminika katika Kiingereza. Hili likaingia karne ya 15. Kwa hiyo "encourage", kwa asili yake, ni kutia moyo, neno kwa neno. Na tazama kitenzi chetu: kutia ni kuweka ndani, kama unavyotia chumvi mchuzini. Tofauti ni kwamba Mwingereza wa leo haoni tena moyo katika neno lake. Sisi wetu uko wazi, hata mtoto wa darasa la sita anauona.

Haya, linatumikaje? Anayetiwa moyo hufuata kitenzi moja kwa moja, bila kitu katikati, kisha "to" na tendo: "My uncle encouraged me to hold the rope." Wengi wetu huandika "encouraged to me", na hilo si sahihi.

Pagumu zaidi ni pale Kiingereza kinapolipeleka neno hili kwa vitu visivyo na moyo. Huweza kuandikwa kwamba maji yaliyotuama "encourages" mbu. Ukitafsiri kwamba maji yanawatia mbu moyo, msomaji atashangaa. Sema yanasababisha mbu kuzaana, basi. Serikali iki-"encourage" wananchi kupanda mikoko, inawahimiza. Anayewa-"encourage" vijana kupigana anawachochea, kama mtu achocheaye kuni jikoni. Na matokeo "encouraging" ni ya kutia matumaini. Naona magazeti yetu yanabandika "kutia moyo" kila mahali, na inaniuma, maana tunayo maneno mengi mazuri ya kuchagua. Kuna hata kushajiisha, kutoka Kiarabu, lenye mzizi mmoja na shujaa: ni kumfanya mtu awe shujaa. Wazee hapa Lamu bado wanalitumia, na mimi ningependa vijana nao walishike.

Nilimweleza mtoto kiasi cha kumtosha. Akafuta, akaandika upya, kisha akaniuliza, "Ami, na yule aliyeniambia nisipande mashua, kwamba nitazama?"

Huyo, nikamwambia, ni "discourage". Ile "dis" ni ya kuondoa, kwa hiyo neno la Kiingereza linamwondolea mtu moyo wake. Kiswahili hakiuondoi, kinauvunja: alinivunja moyo. Na hapa sarufi inageuka, "to" inatoka na "from" inaingia: "He discouraged me from going."

Aliandika sentensi hiyo polepole, akaisoma kwa sauti, akaitazama kwa muda. Halafu akarudi juu kwenye ile ya mjomba na kuongeza maneno ambayo mjomba alimwambia siku ile. Hayo aliyaacha kwa Kiswahili: "Shika hapo hapo, mwanangu, mimi niko nyuma yako."