“Nitasoma usiku nikitoka kazini”, na dhana nyingine zinazowatoa watu wazima chuoni

Kazi yangu ni kuwashauri watu wanaorudi chuoni wakiwa na miaka 35, 40, hata 50, na ajira juu. Karibu wote huja na hofu ya umri. Hofu hiyo nitaigusa, lakini si umri ninaouona ukiwatoa. Kinachowatoa ni sentensi moja inayotamkwa kwa furaha kabisa siku ya kujisajili.

“Kozi yenyewe ni ya jioni, nitasoma usiku nikitoka kazini.”

Usiku upi? Kuanzia saa ngapi? Nikiuliza hivyo watu hucheka. Basi tupige hesabu. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ya kutwa ni krediti 60, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Ukichukua nusu ya mzigo huo, krediti 30, una saa 750 hadi 900 za kutafuta. Zigawe kwa wiki 40, unapata kama saa 19 hadi 22 kila wiki. Uingereza wanahesabu saa 10 kwa krediti na krediti 120 kwa mwaka. Nusu yake kwa wiki 40 ni saa 15 kwa wiki. Vyuo vingine vina hesabu zao, lakini sijaona hesabu inayokuja na saa sita. Mara nyingi saa hizo zimeandikwa wazi kwenye maelezo ya moduli, yaani somo moja la kozi, ukurasa ambao wanafunzi wangu huuruka ili wafike kwenye ada.

Halafu wapo wanaodhani saa hizo ni za vipindi. Vipindi ni sehemu tu. Zilizobaki ni kusoma, kuandika kazi za kukusanya, kukimbizana na wenzako wa kundi, na kujiandaa kwa mtihani. Anayesoma kwa masafa hapunguziwi chochote: krediti ni zilezile, ila kazi ambayo mhadhiri angeifanya mbele ya darasa, ya kukupangia nini kianze na nini kifuate, umekabidhiwa wewe.

Sasa turudi kwenye huo usiku. Umetoka kazini saa 11 jioni, umefika nyumbani, umekula, umesikiliza ya watoto. Kitabu kinafunguliwa saa 3. Saa 4 na nusu unasoma mstari uleule mara ya nne. Hiyo ni saa moja na nusu, mara siku tano, saa saba na nusu za kichwa kilichochoka. Zilizosalia unaitupia wikendi, ambayo tayari ina wageni, mgonjwa wa kutembelea na nguo za kufua. Masomo hayalishwi makombo ya muda.

Ninachomwambia kila mtu ni hiki: kabla hujalipa ada, ishi wiki mbili kana kwamba umeshaanza. Panga saa zako, kaa na kitabu chochote cha fani hiyo, simu iwe chumba kingine, kisha andika ulizopata kweli, siyo ulizopanga. Ukipata tisa, chukua moduli moja. Moja uliyofaulu ni bora kuliko tatu zenye sapu, ile mitihani ya marudio. Na kila saa utaje inatoka wapi: usingizi, mpira, kibarua cha pembeni, vikao. Usipoweza kuitaja, hiyo saa huna. Mwenzi wako naye aione ratiba kwenye karatasi, asiigundue mwezi wa pili kwa ugomvi. Mwisho, jaribu alfajiri, saa 11 hadi saa 12 na nusu. Najua naipigia debe alfajiri kupita kiasi, na sina mpango wa kuacha.

“Kichwa kimezeeka, hakishiki tena.”

Kasi ya kuchakata taarifa hushuka mapema, ni kweli. Utafiti wa Joshua Hartshorne na Laura Germine wa mwaka 2015 uliiona ikifika kileleni mwishoni mwa ujana, miaka 18 au 19. Utafiti huohuo uliona msamiati ukiendelea kupanda hadi miaka ya 60. Mwanasaikolojia K. Warner Schaie, aliyeanza kuwafuatilia watu wazima huko Seattle mwaka 1956, alikuta kwamba kwa wastani uwezo mwingi wa akili hauporomoki kabla ya miaka 60. Wewe una 42. Tafuta sababu nyingine.

Ninayoiona mara nyingi ni njia ya kusoma. Mtu amerudi na mbinu ya sekondari: kusoma desa, yaani notisi, tena na tena huku akipaka rangi mistari. John Dunlosky na wenzake walipima mbinu kumi mwaka 2013, na hizo mbili zikaangukia kundi la manufaa madogo. Zilizoongoza ni kujijaribu kwa maswali na kuyagawa marudio katika siku tofauti. Kurudia kusoma hudanganya kwa sababu dakika chache baadaye unaona umeshika. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha hilo mwaka 2006: baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi, baada ya wiki waliojijaribu wakawapita. Na mtihani hauji baada ya dakika tano. Funga desa, andika unachokumbuka, kisha fungua ujisahihishe.

“Nina uzoefu wa miaka 15, watanipunguzia digrii.”

Huenda, pale chuo kinapotambua mafunzo ya awali, yaani uliyojifunza kazini kabla ya kujisajili. Lakini kinachopimwa ni unachoweza kuthibitisha: ripoti ulizoandika, miradi uliyosimamia, barua za waliokusimamia. Miaka mitupu haina krediti. Uliza kabla ya kujisajili. Vyuo vingi huweka kikomo cha krediti unazoweza kusamehewa.

“Nikimaliza, cheo kitakuja.”

Nani kakuahidi? Kama ni bosi, mwombe aandike. Kama ni wewe mwenyewe, kasome muundo wa utumishi wa kazini kwako uone cheo hicho kinadai nini.

“Nikisimama muhula mmoja ndiyo basi.”

Hapa huwa napandisha sauti. Kuahirisha masomo ni utaratibu rasmi, una fomu na tarehe ya mwisho. Anayepotea kimyakimya huhesabiwa kuwa bado yupo: kazi zisizokusanywa zinaweza kuandikiwa sifuri, ada ikaendelea kudaiwa, na akitaka kurudi anaanza kwa kujieleza mbele ya kamati. Aliyejaza fomu kwa wakati anarudi na alama zake zikiwa salama. Ulizia fomu hiyo wiki ya kwanza, ukiwa bado huihitaji.