Je, wajua kwa nini baadhi ya watathmini huanza na kilichofanikiwa?

Ikisikika kwamba mtathmini anakuja, ofisi ya mradi hubadilika. Mafaili yanapangwa upya, na kila mtu anatafuta maelezo ya kujitetea. Wamezoea kuwa mgeni huyo anakuja kusaka makosa. Lakini wapo watathmini ambao swali lao la kwanza ni: wapi mambo yamekwenda vizuri, na nani alifanya nini hata yakaenda hivyo?

Ukisikia, unaweza kudhani ni kubembelezana. Basi tazama yaliyotokea Vietnam. Mwaka 1990 Jerry Sternin na mkewe Monique walifika huko kwa niaba ya shirika la Save the Children, na serikali ikawapa miezi sita tu waonyeshe matokeo. Katika vijiji vya mkoa wa Thanh Hoa, wanakijiji wenyewe walishika mizani wakapima watoto wa chini ya miaka mitatu. Karibu theluthi mbili walikuwa na utapiamlo. Sababu zilijulikana: umaskini, maji machafu, huduma duni. Zote za kweli, na hakuna hata moja ya kumalizwa kwa miezi sita.

Wakauliza: katika kaya maskini kabisa, hakuna hata mtoto mmoja aliyenawiri? Wakapatikana. Kaya zilizokuwa na msaada wa pembeni zikaondolewa kwenye orodha, kisha watu wakaenda kuchungulia vyungu vya zilizobaki. Kina mama hao walikuwa wakiokota uduvi na kaa wadogo majarubani na kuwachanganya na matembele katika chakula cha mtoto, vitu ambavyo majirani waliona havimfai mtoto mdogo. Tena hawakulisha mara mbili kwa siku kama wengine, bali kidogo kidogo, mara tatu hata nne. Mafunzo ya kuwaonyesha kina mama wengine mapishi hayo yalipoanza, kiingilio cha kila mama kilikuwa hicho hicho: uduvi, kaa au matembele aliyoyachuma mwenyewe.

Orodha ya upungufu isingefika kwenye vile vyungu. Ingeomba bajeti.

Kwa taasisi, njia hii ilipata jina, kwa Kiingereza Appreciative Inquiry, kupitia David Cooperrider, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu alipofanya utafiti katika hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, mwaka 1980. Alivutiwa na simulizi za madaktari kuhusu siku kazi ilipokwenda vizuri kuliko zile za kushindwa.

Hatari yake ni wazi: wafadhili wanapenda hadithi nzuri, na miradi inajua kuzipika. Ndiyo maana napenda zaidi utaratibu wa Robert Brinkerhoff, mtaalamu wa tathmini wa Marekani. Yeye hutuma dodoso fupi kwa washiriki wote, kisha huwahoji kwa kina waliofanikiwa sana pamoja na walioambulia patupu, akidai ushahidi. Tuseme makarani wamefundishwa kompyuta. Mmoja alirudi kwa bosi aliyempa kazi ya kuitumia kesho yake. Mwenzake alirudi kwenye ofisi isiyo na kompyuta hata moja. Walikaa darasa moja, na mwalimu wao alikuwa yule yule.