Je, wajua kwa nini programu ya Windows uliyoifunga kwenye Linux bado inakula RAM?

Unatumia Linux, una programu moja ya Windows huwezi kuachana nayo, kwa hiyo unaiendesha kwa Wine, ile inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux. Umemaliza kazi, umebonyeza X, dirisha limepotea. Baadae unaifungua tena, haifunguki, hata ujumbe wa eror hakuna, na feni ya laptopu inapiga kelele kama kuna mtu anarenda video. Shida ni kwamba kufunga dirisha na kufunga programu ni vitu viwili tofauti, na Wine ina mambo yake ya ziada.

Angalia kwanza nini kimebaki, andika hii kwenye terminal:

`pgrep -af '\.exe'`

Utakuta services.exe, winedevice.exe, plugplay.exe, svchost.exe, pengine rpcss.exe, na wewe hujawahi kufungua hata moja kati ya hizo. Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanaanza kuua moja moja. Hizo sio tatizo jamani. Wine inaziwasha yenyewe ili programu yako ikute huduma ilizozoea kule Windows, na juu yao kuna bosi anaitwa wineserver ambaye anahesabu programu za kawaida zilizo hai, ikifika sifuri anaziambia hizi za mfumo zijifunge, halafu yeye mwenyewe anasubiri kama sekunde 3 hivi kabla ya kuondoka ili ukifungua kitu kingine haraka asianze upya. Ni kama wahudumu wa ukumbi wa harusi, hawatoki mpaka mgeni wa mwisho aondoke.

Kwa hiyo ukiona services.exe bado ipo baada ya dakika tano, mtafute huyo mgeni. Mara nyingi ni apdeta ya programu, au kile kidude kinachokaa kwenye trei pembeni ya saa, au programu yenyewe imeganda wakati inajifunga. Na hii ndo sababu haifunguki mara ya pili: programu nyingi zikiwaka zinaweka alama ya "nimeshafunguliwa", alama hiyo inatunzwa na wineserver, nakala mpya ikiikuta inajizima kimyakimya.

Ukishamjua, muue yeye tu:

`wine taskkill /f /im jina.exe`

Wengine wataondoka wenyewe. Wakigoma, `wineserver -k` inafagia wote.

Sasa kuna wanaopiga hiyo komandi na hakuna kinachotokea, wanasema Wine mbovu. Hapana, umeongea na wineserver isiyo ya programu hiyo. Kila prefiksi, yaani lile folda lenye drive C ya bandia, ina wineserver yake, na usipotaja folda Wine inachukua ~/.wine. Lutris, Bottles na Proton ya Steam, ambazo nazo zinatumia Wine kwa ndani, zote zinaweka prefiksi zao pengine kabisa. Chukua namba ya prosesi (yaani programu inayoendeshwa), ile iliyo mwanzo wa mstari wa pgrep, tuseme 4821, uiulize inatoka wapi:

`tr '\0' '\n' < /proc/4821/environ | grep WINEPREFIX`

Njia itakayotoka unaiweka mbele, mfano `WINEPREFIX=/home/juma/uhasibu wineserver -k`. Isipotoka kitu, basi mara nyingi ni ile ya kawaida, ~/.wine.

Kuhusu `kill -9`, ile ya kuua prosesi papo hapo, kwa wineserver, mimi naiacha iwe ya mwisho kabisa. Rejista ya Windows, yaani hifadhi ya setingi, huku ni mafaili ya kawaida, system.reg na user.reg, na wineserver anayaandika kwa vipindi na pale anapofunga, sasa ukimkata shingo ghafla setingi ulizobadilisha muda huohuo zinaweza kupotea. `wineserver -k` inaanza na ishara ya kistaarabu, ikishindikana ndo inatumia nguvu.

Kama kwenye `ps aux`, inayoorodhesha prosesi zote, prosesi ina herufi Z na neno defunct, hiyo ilishakufa, haili RAM yako, imebaki jina tu mpaka prosesi mzazi aisome au naye afe. Yenye D inasubiri diski au netwaki, hata -9 haiisikii, angalia flashi au folda la mtandaoni lililokatika.

Na kama una skripti inayobakapu prefiksi, weka `wineserver -w` kabla ya kukopi, itasubiri mpaka wineserver azime ndo iendelee.