Slon: tembo, simba na mti wa kuegemea

Slon ni tembo. Kirusi, Kicheki, Kiserbia na Kibulgaria vyote vina slon, Kipolandi huandika słoń. Maana haina ubishi. Ubishi uko kwenye asili, na hapo ndipo watu hukata shauri mapema mno: "Ni Kituruki, aslan, simba." Wamemaliza.

Dai hilo si la kipuuzi. Jina la mnyama ambaye wasemaji hawajawahi kumtia machoni huhama kirahisi. Verblyud, ngamia wa Kirusi, hufuatiliwa hadi ulbandus ya Kigothi, lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani, nayo hadi elephas ya Kigiriki, yaani tembo mwenyewe. Kama tembo aligeuka ngamia, simba kugeuka tembo si ajabu.

Kinachokwamisha ni sauti. Katika maneno yaliyokopwa zamani na lugha za Kislavi, yaani Kirusi na wenzake waliotajwa mwanzoni, a fupi iligeuka o, kwa hiyo -lan kuwa -lon ni sawa kabisa. Je, a ya mwanzo imekwenda wapi? Asinus ya Kilatini, punda, ilizaa osel: irabu ya mwanzo iligeuka, haikudondoka. Kwa mwendo huo aslan ingetupa oslon. Na arslan, umbo lenye r, Kirusi kinalo bayana katika majina ya watu Yeruslan na Ruslan, r ikiwa imebaki.

Upande wa pili kuna sloniti, kitenzi cha Kislavi chenyewe, maana yake kuegemeza. Kisa cha zama za kati kilisema tembo hana viungo vya magoti, hivyo hulala ameegemea mti. Mwindaji huukata nusu, mnyama akiegemea, chali. Julius Caesar alisimulia hayo hayo juu ya mnyama mwingine wa misitu ya Ujerumani, wa jamii ya kulungu. Ni uongo, tembo hupiga magoti vizuri tu. Ila uongo wa kisa hauliangushi neno: watu humpa mnyama jina kwa wanayoyaamini.

Tena nadharia hizi mbili si lazima zipigane. Maelezo yaliyomo hata katika kamusi ya Vasmer, ile ya asili ya maneno ya Kirusi, ni kwamba aslan iliingia, kisha wasemaji wakaichonga upya ifanane na sloniti kwa sababu ya kisa kile. Hapo irabu iliyopotea inapata sababu, ingawa ushahidi wa kufunga kesi haupo.

Kwa hiyo andika "huenda limetokana na aslan", na hiyo huenda usiifute.