Korongo ambaye hajaruka si lazima awe ametulia

Wapiga picha wengi huamini kwamba, maadamu korongo au yangeyange hajaruka, basi hajasumbuliwa na anaweza kusogelewa zaidi. Imani hiyo si sahihi. Ndege hawa huwinda kwa kusimama kimya majini, macho yakiwa chini na shingo tayari kufyatuka kudaka samaki, na ndiyo maana mtazamaji huchanganya kwa urahisi utulivu wa kuwinda na ule wa hofu. Ndege aliyenyoosha shingo wima, akabana manyoya mwilini na kuacha kuyatazama maji ili akutazame wewe, ameshaacha kula kwa sababu yako. Kuruka ni hatua ya mwisho tu, tena humgharimu nguvu alizozipata kwa subira ndefu. Penye viota madhara huzidi, kwani mzazi akiondoka mayai na makinda huachwa kwenye jua kali, na kunguru hawakawii kuyafikia.

Ukiiona shingo hiyo, rudi nyuma taratibu, uchutame na kutumia lenzi ndefu. Mara nyingi, baada ya muda, ndege huinamia maji tena, na hapo ndipo mimi huanza kupiga picha.